Kurudisha sura ya kale ya mkahawa, Kiponda: shajara ya kazi

3 Juni 2024: Chumba kabla hatujakigusa

Chumba kiko chini, Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Urefu mita 9.4, upana mita 2.9. Mgeni akiingia hudhani ni ujia, lakini vyumba vyetu vingi ndivyo vilivyo: dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko ikizidi mita tatu hivi huanza kupinda. Ukuta ni matumbawe na chokaa, unene sentimita 55. Upande wa kulia yamo madaka manne, yaani vishubaka vya ndani ya ukuta. Mlango una mbao mbili, mfaa (ubao wa kusimama) wenye nakshi katikati, na njumu, misumari ya mapambo, ambazo nusu yake mtu alizipaka rangi ya mafuta ya kijani. Juu ya mlango pana nafasi za vioo vya rangi 12. Vitano havipo.

Nilipokuwa skuli ya msingi, hapa pakiuzwa faluda na sharubati. Bibi akinileta siku za Ijumaa alasiri. Nakumbuka vitu vitatu: baridi ya marumaru kwenye viwiko, viti vyepesi vya kusukwa ambavyo vikiniacha na alama za vitundu mapajani, na doa la kijani lililokuwa likitembea sakafuni kufuata jua. Nimekula kwenye mikahawa mingi mizuri tangu hapo, na hakuna chumba kilichonituliza kama kile. Baadaye pakawa duka la simu, halafu stoo. Mwaka huu mimi na kaka yangu tumepakodi. Mama atapika. Mjomba, ambaye ni seremala, amesema tusinunue hata kiti kimoja kabla hajakiona.

Naandika kila hatua ikimalizika ili mwenye chumba kama hiki apate pa kuanzia. Bei zote nitaziweka. Bajeti ya chumba cha kulia peke yake, bila jiko wala kodi, ni shilingi 9,000,000.

Jambo la kwanza ni kibali. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na matengenezo hupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Anza huko kabla hujanunua msumari.

19 Juni: Saruji inatoka

Mmoja wa waliotutangulia alipiga lipu ya saruji kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua, kuta zote mbili, nadhani kwa kuwa ukuta ulikuwa ukitoa unga. Rangi ya plastiki ikafuata juu yake. Tulipopaona palikuwa pamevimba na kuchubuka kama ngozi iliyoungua.

Fundi chokaa wetu ni mzee, na hakushika nyundo siku ya kwanza. Alipita akigonga ukuta kwa mpini wa mwiko na kutega sikio. Penye mlio wa debe tupu akatia alama ya chaki. Alipomaliza, karibu ukuta mzima ulikuwa na chaki. "Ukuta huu, mwanangu, mmeuvalisha koti la mvua kwa ndani," akaniambia.

Maana yake tuliiona saruji ilipoanza kubanduka. Maji ya ardhini hupanda ndani ya matumbawe. Ukuta wa chokaa huyaachia yatoke polepole kwa upepo. Saruji huyazuia, basi hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo humo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Nyuma ya saruji yetu jiwe lilikuwa limelainika kama sukari guru: nililigusa kwa kidole likamomonyoka. Kile walichokiweka kuukinga ukuta ndicho kilichokuwa kikiula.

Tuligundua pia ncha mbili za boriti zimeoza zilipoingia ukutani, chini ya bomba la ghorofa ya juu. Mwenye nyumba amezibadilisha kwa fedha zake. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 2020, sikubali mtu aniambie ufa "ni wa kawaida" kabla hajapanda ngazi akautazama.

Siku 9, fundi 40,000 na wasaidizi wawili 25,000 kila mmoja kwa siku: 810,000. Hamali wa kuchukua kifusi, safari 12: 120,000. Jumla 930,000.

14 Julai: Lipu ya chokaa, na nyufa zetu

Chokaa tulinunua magunia 30, tukaizima kwa maji na kuilaza kwenye mapipa. Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga ni wa shimo, na tumeuosha mara mbili, kwa sababu mchanga wenye chumvi unarudisha ugonjwa ule ule tuliotoka kuutibu.

Ukuta wa kushoto ulitoka vizuri. Wa kulia ulipasuka. Siku hiyo fundi alikuwa na maziko Bububu, na sisi tukawaambia wasaidizi waendelee. Walipiga lipu sentimita tatu kwa mpigo mmoja ili kuumaliza ukuta, na mimi nikaacha wazi mlango wa mbele na wa uani chumba kikauke upesi. Kusi ilipita humo siku nzima. Asubuhi ya pili ukuta ulikuwa na nyufa kama tope la shamba la mpunga lililokaukiwa na maji.

Fundi aliporudi hakugomba. Alinieleza kwamba chokaa haikauki kama nguo. Inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo inahitaji unyevu. Ikikauka kabla ya wakati inabaki unga uliogandamana tu. Akabandua eneo lote lililopasuka, tukaanza upya: tabaka la sentimita moja, kulisubiri likaze, kulikwaruza, kulilowesha, halafu tabaka jingine. Tukatundika magunia ya katani mbele ya ukuta, nami nikayanyunyizia maji asubuhi, adhuhuri na magharibi kwa siku kumi. Milango ikabaki imerudishwa. Haukupasuka tena.

Chokaa 420,000, mchanga 350,000, ufundi siku 16 kwa 90,000 ni 1,440,000. Kurudia, siku tatu: 270,000. Jumla 2,480,000.

11 Agosti: Rangi ya samli

Nilitaka ukuta uwe na rangi ya samli, ile ya manjano iliyopoa ambayo haina kelele. Rangi ya dukani, ya plastiki, ingerudisha koti la mvua. Kwa hiyo ni chokaa tupu, iliyochujwa kwa kitambaa na kuzimuliwa mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, na ndani yake rangi ya unga.

Kosa letu lilikuwa kwenye huo unga. Kaka alinunua rangi ya kutilia ukili, ile wanayotumia wasuka mikeka, kwa kuwa ni ya manjano nzuri na iko sokoni. Siku ya kwanza ukuta ulipendeza hata tukaita watu. Siku ya nne ukaanza kufifia kwa mabaka, na baada ya wiki ulikuwa na rangi ya shuka iliyomwagiwa chai. Rangi za ukili hazistahimili ukali wa chokaa mbichi. Inayostahimili ni rangi ya madini: oksaidi ya chuma, ile ile ambayo mafundi huchanganya kwenye sakafu nyekundu. Inapatikana ya manjano pia.

Tuliifunika ya kwanza kwa mikono miwili ya chokaa nyeupe, kisha mikono minne ya chokaa na oksaidi ya manjano, pamoja na chembe ya nyekundu ili isiwe ya kijanijani. Lowesha ukuta kabla ya kila mkono. Usiogope mkono wa kwanza ukionekana kama maji: chokaa huanza kung'ara inapokauka. Na pakeni kwa mtu mmoja kila ukuta, kwa kuwa kila mtu ana mwendo wake wa brashi na mwanga wa jioni unaonyesha palipopokezanwa.

Rangi iliyopotea 95,000. Rangi ya pili na chokaa 140,000. Ufundi siku nne 160,000. Jumla 395,000.

1 Septemba: Sakafu, na nilichokifanya

Hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe hata kama mengine yatarukwa.

Chini ya tabaka mbili za mkeka wa plastiki na gundi nyeusi tulikuta sakafu ile ile ya utotoni: vigae vya saruji vya rangi, sentimita 20 kila upande. Uwanja wake ni rangi ya maziwa, na vigae vinne vikikutana hufanya ua la buluu lenye moyo mwekundu. Nilikaa chini nikalitazama ua moja kwa muda mrefu. Mstari wa buluu si mnyoofu. Umetetema kidogo upande mmoja, kwa sababu rangi ilimiminwa kwa mkono ndani ya kalibu ya chuma, kisha saruji na mchanga vikawekwa nyuma yake na vyote vikakandamizwa kwa mashine. Vigae hivi havichomwi motoni. Hukomaa kwenye maji, kama zege. Rangi yenyewe ni tabaka la milimita chache juu.

Gundi haikutoka kwa sabuni. Nikanunua asidi ya kusafishia sakafu, ambayo mafundi hutumia kuondoa mabaki ya saruji kwenye vigae vya kung'aa, na nikaimwaga mwenyewe karibu na mlango. Ikatoa povu na sauti ya kukaanga. Nilidhani ni gundi inayoachia. Nilipomwaga maji, gundi ilikuwepo bado, na maua yalikuwa yamekwajuka. Nilipitisha kiganja: palipokuwa laini kama sabuni palikwaruza kama msasa. Vigae 44, mahali ambapo kila mgeni atakanyaga kwanza.

Sababu ni hii. Asidi hula chokaa, na saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa. Vigae vya kung'aa vimechomwa na vina ngozi ya kioo, vyetu havina. Nilichokiosha kilikuwa sakafu yenyewe.

Gundi iliyobaki tumeiondoa kwa njia ndefu: taulo lililochovywa maji ya moto, dakika kumi, ncha ya kisu cha plastiki, kisha sabuni ya kipande na brashi laini. Vigae 20 kwa siku kwa mtu mmoja. Tulikuwa wanne, pamoja na binamu wawili waliokuwa likizo.

22 Septemba: Sakafu, dawa yake

Wazo ni la mjomba. Kaunta itakaa nyuma ya chumba na kufunika eneo ambalo hakuna atakayeliona tena. Chini yake vimo vigae vizima. Tukahesabu: 44, kwa namna tulivyochora msingi wa kaunta. Tukabadilishana. Vizima vikaja mlangoni, vilivyoliwa vikaenda nyuma.

Kubandua kigae cha kale kizima ni kazi ya subira. Anza na kimoja ambacho uko tayari kukipoteza, uchimbe kutoka pembeni, kisha uingize patasi pana chini ya jirani yake, kwenye kitanda cha chokaa, usiiguse saruji. Saba vilivunjika. Nafasi zao mlangoni tumejaza kwa saba vilivyoliwa kidogo, tukavitawanya visikae pamoja. Anayejua anaviona. Mama havioni.

Kisha nta: ya nyuki, iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya kitani, ikapakwa kidogo sana na kusuguliwa kwa kitambaa siku ya pili. Buluu ilirudi kama iliyopata maji. Jumla, pamoja na asidi: 540,000, na yote ni gharama ya kosa.

9 Novemba: Viti

Mjomba alipata viti 18 kwenye stoo ya nyumba moja ya Mkunazini, vimerundikwa, vingi bila makalio (sehemu ya kukalia). Ni vile vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, mgongo wake mduara ndani ya mduara. Umbo lake linatokana na kiti namba 14 cha Michael Thonet cha mwaka 1859. Kiti hicho kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye kasha la mita moja ya ujazo. Nikikumbuka hilo sishangai vilifika kwenye kila bandari ya dunia, yetu ikiwemo. Vyetu havina muhuri, na kiti hiki kilinakiliwa sana, kwa hiyo sidai ni vya nani. Nimekinyanyua kimoja kwa vidole viwili, na kaka, mtu wa kilo 95, akakikalia.

Mjomba alijaribu kutengeneza upinde mpya kwa mninga. Ulipasuka mara mbili, hata baada ya kuuweka kwenye mvuke. Ubao uliotumika kwenye viti hivi ni wa mti wa Ulaya unaokubali kupinda, na wetu mgumu haukubali. Basi tukachinja vitatu kuponya 15. Chumba kinahitaji 15 kamili, kwa hiyo sikuhuzunika.

Makalio ndiyo yaliyotuchelewesha. Fundi wa kwanza alisuka sita kwa nyuzi za plastiki, kwa bei nafuu na kwa siku mbili. Vilipendeza kwa mbali. Nilikalia kimoja nusu saa mchana: plastiki ilipata joto, ikalegea, na niliposimama kalio lilibaki na shimo. Tukazikata zote.

Henzirani, nyuzi za mmea za kusukia viti, tuliagiza kutoka Dar. Msusi wetu ni mama wa Mwembetanga aliyejifunza kwa baba yake. Jaribio la kwanza lilikuwa langu, yeye akitazama: nilivuta uzi mkavu kupitia tundu, ukakatika kwa mlio wa kiberiti. Henzirani hulowekwa kwanza mpaka uzunguke kidole bila kulalamika, na ikikauka kwenye kiti hujikaza yenyewe kuliko mkono unavyoweza kuikaza. Mama yule anakwenda hivi: nyuzi za wima, za mlalo, za wima tena, za mlalo tena akizipitisha juu na chini, kisha mshazari wa kulia, mshazari wa kushoto, na mwisho ukanda wa kufunika matundu. Vinatokea vitundu vya pembe nane. Ni vile vile vilivyokuwa vikinichora mapajani nikiwa na miaka minane, na hewa hupita humo. Kwenye joto la Januari hilo linamfaa mgeni kuliko mto wowote.

Vanishi ya zamani hatukuikwangua. Tuliiosha kwa kitambaa na mafuta kidogo, tukapaka nta. Pale palipolika kwa mikono ya watu, kwenye ukingo wa juu wa mgongo, pameachwa hivyo hivyo.

Viti 18 kwa 70,000: 1,260,000. Plastiki iliyopotea 120,000. Henzirani 450,000. Ususi, viti 15 kwa 45,000: 675,000. Gundi na skrubu 85,000. Mjomba amekataa malipo. Jumla 2,590,000.

7 Desemba: Taa, pangaboi, vioo

Nyaya zote mpya. Za zamani zilikuwa na ngozi ya kitambaa, nzuri kwa macho na hatari kwa nyumba yenye boriti. Hapa hakuna ukale utakaonishawishi. Fundi umeme alizipitisha juu ya ukuta ndani ya mabomba membamba ya chuma, kwa sababu kuchimba lipu mpya ya chokaa nilikataa.

Kandili nne za shaba na vioo zimetundikwa kwenye boriti. Siku ya kwanza tulitia balbu nyeupe za kawaida, na ukuta wa rangi ya samli ukawa kama wa zahanati. Ua la buluu sakafuni likageuka la kijivu. Tazama namba kwenye boksi: zile zilikuwa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,500. Tulizonazo sasa ni 2,700, na samli imerudi kuwa samli. Fikiria rangi ya taa siku ile ile unayofikiria rangi ya ukuta, mimi nilizitenganisha kwa miezi minne.

Mapangaboi matatu, ya mtumba, ya chuma, yanazunguka polepole. Dari ni ya juu kwa hiyo hayakuleta shida.

Vioo viwili vikubwa vya ukutani vilikuwa vya bibi. Hewa ya bahari imeingia nyuma yake na kutia madoa meusi pembeni. Mtu alijitolea kuvitia zebaki upya, nikamshukuru nikakataa. Katikati bado panaonyesha vizuri, na yale madoa yanafanya taa zionekane kama ziko mbali, nyuma ya ukungu.

Vioo vya juu ya mlango vimenishinda. Saba vilivyobaki ni vya kijani, vyekundu na vya buluu, rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Vitano vipya tulivipaka rangi ya kioo ya dukani. Mlango unatazama magharibi, kiwanjani, na baada ya wiki tatu za jua la alasiri rangi ilifanya mapovu. Tumeweka vioo vyeupe visivyo na rangi. Mwenye kujua pa kupata kioo cha kijani kilichotiwa rangi kiwandani, nafasi ni sentimita 18 kwa 24.

Njumu tulizibandua rangi ya mafuta na kuzisugua kwa ndimu na chumvi, kama ilivyo desturi. Ila tandika kitambaa kinene chini. Sisi tulitandika, kwa somo la asidi la Septemba.

Umeme: ufundi 650,000, nyaya na swichi 780,000, kandili 440,000, balbu 180,000 na zilizopotea 60,000, mapangaboi 390,000. Jumla 2,500,000. Vioo: rangi iliyopotea 40,000, vioo vyeupe 75,000. Jumla 115,000.

22 Desemba: Rafu tuliyoizeesha

Rafiki wa kaka anayepamba hoteli alitushauri tuzeeshe rafu mpya ya kaunta: msasa kwenye kingo, majani ya chai, mnyororo wa kupigia ubao upate makovu. Tulifanya. Jioni nilikisogeza kiti kimoja karibu nayo na nikaona aibu. Kwenye kiti, palipolika ni pale mkono unaposhika. Kwenye rafu palilika pale msasa ulipofika. Mjomba ameiranda upya na kuipaka nta. Iwe mpya. Ina umri wake wa kuanzia.

19 Januari 2025: Meza na usiku wa majaribio

Mpangilio tuliupata kwa chaki sakafuni kabla ya kununua. Upana mita 2.9: baraza la chokaa kando ya ukuta wa kushoto sentimita 45, meza ya duara 60, kiti 55, njia ya kupita zaidi ya mita moja. Meza saba, kila moja viti viwili upande wa njia na wageni wengine barazani. Kiti cha 15 ni cha anayekaa kaunta. Meza za mraba za sentimita 90, nilizozitaka mimi, zingemlazimisha mwenye sinia kupita kwa ubavu.

Marumaru saba za kale, juu ya miguu ya mninga aliyoitengeneza mjomba. Jana tukaalika ndugu na majirani 21. Bibi jirani, ambaye alikuwa akija hapa kabla mimi sijazaliwa, alikaa meza ya pili, akaweka viwiko juu ya marumaru na kunyamaza. Nilimwona akipitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, mduara mzima.

Mama aliandaa urojo, bajia, kachori, chatne ya nazi, na sharubati ya ukwaju. Ndimu zilikuwa kwenye kila meza. Asubuhi tulipopangusa, marumaru tano zilikuwa na miduara iliyofifia, mikubwa kama vitako vya gilasi, na matone matone palipokamuliwa ndimu. Havitoki kwa kitambaa. Si uchafu. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, kama matumbawe ya ukuta na chokaa iliyokomaa juu yake, na ndimu na ukwaju ni asidi. Yale niliyoyajua Septemba sakafuni, sikuyapandisha mezani.

Fundi wa marumaru amezisugua tano hizo kwa jiwe laini na maji, 25,000 kila moja. Zimepata mng'ao mdogo kuliko wa mwanzo, na naupenda zaidi. Tumezipaka nta, ingawa nta inachelewesha tu, haizuii. Shangazi wa Wete ametuletea vitanga vidogo vya ukili, dazeni mbili, kila gilasi inakaa juu ya kitanga. Ndimu inakuja kwenye kisahani. Kuiondoa ndimu kwenye urojo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya mama.

Marumaru 1,120,000, mbao za miguu 560,000, baraza 380,000, magodoro na vitambaa 420,000, kusugua upya 125,000. Jumla 2,605,000.

16 Februari 2025: Tumefungua

Wiki ya pili sasa. Hesabu yote: 12,155,000, zaidi ya bajeti kwa 3,155,000. Ndani yake makosa yetu ni 1,250,000: nyufa, rangi ya ukili, asidi, plastiki, balbu, rangi ya vioo, ndimu. Kilichobaki kimezidi kwa sababu sikupiga hesabu ya umeme kabisa mwanzoni.

Madaka tumeyapanga kwa vyombo vinavyotumika: dele la kahawa na vikombe vyake kwenye la kwanza, mrashi wa marashi na chetezo cha ubani kwenye la pili, sahani za kula kwenye mengine mawili. Mhudumu anazitoa humo na kuzirudisha humo. Picha za ukutani ni tatu tu, za ukoo.

Ukuta wa kulia, karibu na sakafu, umeanza kutoa unga mweupe wa chumvi kwenye kipande cha urefu wa mkono. Fundi amekuja kuutazama. Anasema ni chumvi ya miaka ile ya saruji inatoka, tuifagie kwa brashi kavu, tusiioshe, na Masika ikipita tuupake chokaa tena. Ramadhani iko wiki mbili mbele na mchana tutafunga, kwa hiyo nitapata muda wa kuifuatilia. Nimehifadhi ndoo moja ya chokaa na kopo la oksaidi ya manjano chini ya kaunta, juu ya vile vigae vilivyoliwa.

Saa kumi na nusu jioni doa la kijani linaanzia kizingitini. Leo limefika meza ya tatu.